Nimwachie Kaka Baba Yupi?

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema hakuna kungoja tena. Uvimbe umekua. Nilazwe Jumatano ya wiki ijayo, nipasuliwe, kisha nikae muda mrefu bila kuinua hata ndoo. Na Baba je, na kusahau kwake kote? Nani atamvua, atamwogesha, atamzuia asitoke getini na pajama? Daktari akaniuliza kama sina ndugu.

Ninaye. Kaka yangu, kinyozi, yuko mji huuhuu, upande wa pili wa reli. Hajakanyaga sebule hii tangu akiwa kijana, siku Baba alipomvunja kidole kwa nyundo ya mbao. Kosa lake? Droo aliyoitengeneza haikufunga sawasawa. Msiba wa Mama aliukalia barabarani, kwenye tofali, na suti yake nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Msoma mita wa maji alikuja. Baba akamvutia kiti, akampa yai lake la asubuhi. "Kula mwanangu, umetembea sana." Kijana wa watu akala, afanyeje!

Huyu ndiye Baba ambaye tukisikia kikohozi chake njiani tulikuwa tunaacha hata kutafuna. Sasa anashukuru kwa kila kitu. Nikimfunga vifungo, asante. Nikimfuta pua, asante dada. Ananiona mimi ni dada yake, marehemu shangazi.

Jirani yangu, Mama Redio (jina tulilompa kwa kuwa hazimiki), anasema mzee anaigiza. Eti binadamu kaumbwa mbaya, na huyu anajipendekeza kwa Mungu kwa vile safari imekaribia. Nilicheka. Halafu nikarudi kwenye cherehani nikashona kola za sare nje ndani.

Baba alikuwa fundi seremala. Kwake rangi ilikuwa ujanja wa mafundi wabovu, wanaficha mbao mbaya. Haya Baba, rangi ni ipi? Ule ukali ndio ulikuwa rangi, ugonjwa ukaukwangua, na hii ndiyo mbao yenyewe? Au wema huu ndio umepakwa juu? Daktari anasema ni ugonjwa tu, nisitafute maana. Rahisi kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Kaka. Vinyozi bwana! Hawazungumzi na mtu, wanazungumza na kioo. Alikuwa anamnyoa mteja, mimi nimekaa kwenye benchi nyuma, na maneno yote tuliyosemezana yalipitia kwenye kioo. Hakugeuka hata mara moja.

Nikamweleza kuhusu operesheni. Mkono ukasita kidogo. Akauliza kama ni hatari. Nikasema kiasi. Akauliza Baba yukoje. Nikamwambia kuhusu yai. Loh, nilikosea! Uso ukamkunjika.

"Kwa hiyo wasoma mita wanapata mayai."

Akasema atakuja, lakini Baba amwombe msamaha kwanza, kwa mdomo wake. Nikamwambia Kaka, hakumbuki hata kama Mama amekufa, atakumbuka kidole chako? Akasema yeye anakumbuka, na kidole kinakumbuka kila kukiwa na baridi.

Namwelewa. Na nina hasira naye. Vyote viwili pamoja.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Nilihamisha patasi ya Baba ili asijikate. Akaniona. Macho yakawa yaleyale ya zamani, sijayaona siku nyingi. Akanichapa na rula ya mbao kwenye kifundo cha mkono, na tusi juu yake.

Nami nikamfinya. Mtu mzima mimi, nimemfinya baba yangu mzazi, tena kwenye nyama laini ya ndani ya mkono, nikijua kabisa panapouma. Akalia kama mtoto. Na kuna sekunde niliona raha. Naandika hapa kwa sababu hapana mwingine wa kumwambia. Raha, jamani!

Baadaye kidogo alinishika mkono uliovimba, akauliza nani kanipiga. Akasema nimwonyeshe huyo mtu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoa kioo cha sebuleni, nimekiweka chini ya kitanda. Baba alikuwa anagombana nacho. "Mwambieni yule mzee atoke. Ana macho mabaya, watoto watamwogopa."

Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia nisisikike.

Jumanne, 11 Machi

Kaka kimya. Simu haipokei.

Mama Redio kasikia (nani angemzuia asisikie!), akaja mikono kiunoni. Akasema si alinionya, watu wote wabaya, damu moja ndiyo wabaya kuliko wote. Kisha akauliza kama Baba anapenda uji wenye sukari, maana atamchukua yeye. Na nyonga yake ile ya kuchechemea! Baba akianguka, nani atamwinua? Wataanguka wote. Nikamkumbatia. Akanisukuma, akasema kesho niwahi, nisije nikafa nikampa taabu ya kupika msibani.

Jumatano, 12 Machi

Niko jikoni. Begi liko mlangoni. Naandika huku nikisubiri teksi.

Kaka amekuja! Asubuhi hii, na mkoba wake wa kazi, ndevu zake zenyewe zina mvi sasa. Akasimama kizingitini muda mrefu mpaka nikaona haya kumtazama. Baba akamwona.

"Karibu fundi. Umechelewa, nimekuwa kama mbuzi."

Kweli amekuwa kama mbuzi kwa ndevu, mimi nikishika wembe haninyoshei shingo. Kaka akaingia. Sikusikia salamu. Akamfunga taulo, akapiga povu, akanigeukia kuuliza kioo kiko wapi. Nikamweleza kwa nini hakuna. Akatazama ule msumari mtupu ukutani. Hajui kunyoa bila kioo, siku zote yeye husimama nyuma ya mtu. Mwishowe akavuta stuli, akakaa mbele ya Baba, magoti yakigusana. Nikaja huku jikoni. Sikuweza kutazama.

Mlango uko wazi. Nasikia wembe, kwaruu, kwaruu. Baba anaongea, yuko na furaha. Anamsifu fundi kwa mkono usiotetemeka. Anasema naye ana kijana mwenye mkono kama huo.

Kaka anauliza yuko wapi huyo kijana. Sauti yake kavu.

"Yupo, ametoka kidogo. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, fundi. Sijamwambia. Nilimpiga sana yule. Ndiyo maana ukawa mzuri."

Wembe umenyamaza.

Ee Mungu wangu. Je, huo ni msamaha? Hapana. Ni sifa? Sijui hata niuite nini. Kasema akicheka, bila kujua, na wembe upo shingoni.

Teksi inapiga honi nje. Mama Redio anamfokea dereva asubiri. Nimechungulia. Baba ameinua kidevu, kafumba macho, nusu ya uso ina povu. Kaka ameshika wembe hewani, anamtazama usoni, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Sijui ni machozi ya nini. Nimemwita, Kaka, hakugeuka. Akasema tu, "Nenda, mdogo wangu. Utachelewa."

Honi tena. Wembe bado haujaendelea.