Mjomba Mlangoni Anangoja Kikohozi

Wewe mama uliyeandika barua hii, shukuru tunaishi mbali. Ningekuwa jirani yako ningekugongea mlango kabla hujanawa uso. Wasomaji, isomeni kwanza, halafu niachieni mimi.

*Mpendwa Bibi, naomba unisaidie maana akili imenigota, mwanangu wa kiume anaoa Jumamosi, na dada yake, ambaye kazi yake ni kuhesabu magonjwa kwenye kompyuta, anasema kirusi cha sasa kimebadilika, ati kile cha mwanzo kilimlaza mtu mapema akabaki nacho chumbani, hiki kinamwacha atembee, acheke, akumbatie watu, ndipo baadaye aanze kukohoa, na baba yao kifua chake kililiwa na vumbi la saruji na ndiye atakayesimama mlangoni mwa ukumbi kumpa mkono kila mgeni, basi binti anataka baba atolewe pale na watu wakae uani, nami nikamwambia mbele ya shangazi zake kwamba anamtabiria baba yake kifo, akabeba kompyuta yake akaondoka, na sisi si wajinga, kaka yangu tumemweka mlangoni amrudishe yeyote anayekohoa, sasa Bibi, nimekosea wapi?*

Umekosea hapo hapo mlangoni. Kaka yako anangoja kikohozi, na binti amekwambia kikohozi kinakuja mwisho. Kikifika, mgeni ameshamkumbatia mumeo na kumpongeza sikioni. Huyo kaka yako akapange viti.

Nakuelewa, harusi ya mtoto hupandisha presha. Lakini hukumsikiliza. Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea, hesabu yangu ni ya kupima kiuno na mabega. Hata hivyo nilipomaliza barua yako nikamwaga mkebe wa vifungo juu ya meza ya kushonea. Upande huu kirusi cha zamani, tuseme kila mgonjwa anawapa wawili. Upande ule hiki kinachotembea na mtu, kila mgonjwa anawapa watatu. Nikasema, tofauti ni kifungo kimoja tu, ndicho cha kugombanisha nyumba? Nikaendelea kupanga. Upande wa wawili ulipofika thelathini na mbili, ule mwingine ulikuwa unadai mia mbili na zaidi. Vifungo vikaniishia. Nikabaki na pini mdomoni, naitazama meza.

Kirusi hakina jicho wala mguu, na hakishindi kwa ukali. Kinashinda kwa kumwacha mtu ajione mzima. Na mtoto uliyemnyonyesha wewe, kazi yake nimeiulizia, amejenga mji ndani ya kompyuta, wenye nyumba na masoko na watu wasiokuwepo, akakiachia kirusi humo, akabadilisha jambo moja dogo, akakaa kutazama nani ataanguka, ili baba yake wa kweli asianguke. Kwa umri wangu huu sijawahi kusikia mtu akipendwa hivyo. Nawe unamwita mtabiri.

Mtabiri angekwambia uvunje harusi. Yeye amekwambia uhamishe kiti.

Watu wakae uani. Mzee akae penye upepo, awapungie mkono kwa mbali kama mheshimiwa, wageni watadhani ni madaha. Na shangazi waliosikia ukimtukana binti, wasikie pia ukimwomba radhi.

Sasa weka gazeti chini. Mpigie simu, na akipokea usimuulize kwa nini aliondoka. Muulize baba yake akae wapi.