Kitanda Kiko Ukweni

Kaole, Bagamoyo
Machi 1974

Mume wangu Mikidadi,

Salamu zikufikie huko Tanga. Sisi wazima, na mbuzi amezaa.

Wale watoto ninaowalea nyumbani, mama zao wakiwa shamba la kijiji, nusura wakose maziwa ya serikali. Bwana Maendeleo alisema maziwa ni ya vituo vya watoto, na nyumba anamolala mtu si kituo. Alipoondoka, akina mama wakakibeba kitanda chetu mpaka kwa mama yangu, nami nikakifuata. Juzi alirudi, akachungulia chumbani, akakuta mikeka na watoto tu. Maziwa yameletwa.

Najua utaona haya kulala ukweni. Njoo hivyo hivyo. Upande wako wa kitanda sijaulalia.

Mkeo,
Sihaba