Zamu ya Lemburis

Arusha, Jumanne, masika

Bado natabasamu peke yangu. Tangu magunia yamwangukie hamali Saitoti na kumvunja mguu, kila asubuhi nampa hamali mmoja wa ghala zamu ya kuamua kahawa ipangwe hadi kimo gani. Mwanzoni walidhani nawatania.

Leo ilikuwa zamu ya Lemburis. Mvua ilikaribia, gari la ng'ombe bado limejaa, nikawahimiza waongeze safu moja juu.

"Hapana, karani," akasema. "Rundo limeinama. Leo naamua mimi."

Wenzake wakamsikiliza yeye, wakaanza rundo jingine chini. Magunia mawili yakalowa.

Kesho bwana Mjerumani mwenye ghala atanifokea, na naogopa kweli. Nitamjibu kwamba hamali wake wote wamelala wazima.