Siku Tatu Tangu Mnyororo Utoke

Ijumaa, Machi. Mbinga.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimeketi kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi, viganja vina michubuko, kila herufi ninayobonyeza inaniuma kidogo. Leo nimefanya jambo ambalo nimeliogopa kwa siku tatu. Nilidhani nikilimaliza nitapumua.

Sijapumua.

Mnaopitia humu bloguni mnaijua baiskeli yangu, nimeisifia mpaka mmechoka. Ni ile ya milimani, ya mtumba, yenye matairi manene. Nilipoinunua ilikuwa na gia nyingi kuliko nilizojua kuzitumia. Masika ya kwanza tu, tope jekundu likajaa kwenye vile vigurudumu vidogo vya nyuma, mnyororo ukawa unaruka. Asubuhi moja ukaingia kwenye spoki, nikafika shuleni vipindi viwili vimeshapita, vidole vyeusi kwa grisi, darasa la nne wakinicheka. Vipuri vyake Mbinga havipo. Songea nako waliniambia labda Dar.

Ndipo Mzee Shabani, fundi baiskeli wa pale sokoni, akazing'oa gia zote. Akanifungia gurudumu la nyuma la baiskeli ya zamani, lile ambalo ukitaka breki unakanyaga pedeli kinyumenyume.

"Mwalimu, sasa hapa hakuna cha kuharibika," aliniambia. "Ila mnyororo huu ukilegea hauna cha kuuvuta, na ukitoka unaondoka na breki yako. Kila wiki uujaribu kwa kidole. Ukiona unaning'inia, uje."

Nikaipenda, kweli. Mimi ni wa Kihagara, kule chini ziwani, na baiskeli zote nilizojifunzia utotoni zilikuwa hivyo hivyo, hazina gia. Huchagui kitu, unakanyaga tu. Na ilikuwa kimya! Nikishuka asubuhi kwenda shuleni nilisikia matone yakidondoka kwenye mibuni. Kurudi ndiyo ilikuwa adhabu. Kuna milima mitatu, miwili nasukuma, magoti yananiwaka hadi usiku, na wale niliowafundisha wananipita na bodaboda zao wakipiga honi: "Mwalimu, pole!" Hata hayo niliyakubali. Nilijiona mwerevu kuwashinda wenye gia.

Kujaribu mnyororo kwa kidole ndiko kulikonishinda. Wiki ya kwanza nilijaribu. Ya pili pia. Baadaye nikaacha, maana baiskeli haikuwa na shida yoyote. Jumapili nikausikia mnyororo ukigonga fremu. Nikajiambia nitampitia Mzee Shabani wiki ikiisha.

Jumanne ukatoka.

Nilikuwa kwenye mteremko mrefu wa kuingia kijijini, penye mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huchimba kwenye miinuko ili mvua isiondoke na udongo. Nilikanyaga nyuma kutafuta breki, pedeli zikazunguka bure. Nikaminya breki ya mbele. Raba zake zilikuwa zimekwisha, ringi imelowa, ikawa kama napapasa maji. Na mbele yangu, katikati ya njia, alikuwa Bibi Osmunda, mzigo wa majani kichwani na mjukuu mgongoni.

Nilifungua kinywa. Sauti haikutoka.

Sijui ni nini kilimgeuza. Aliruka pembeni, akaanguka, akajizuia kwa mkono. Upindo wa kanga yake ulinigusa nikipita. Kisha njia ikaniishia, nikajikuta ndani ya shimo la ngoro, uso kwenye maharage yaliyokuwa ndiyo kwanza yanachipua.

Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa analia. Nilimshukuru Mungu kwa kilio kile. Halafu nikamwona bibi, ameshika kifundo cha mkono, anateremka kuja kunisaidia mimi.

"Pole, mwanangu. Pole sana, mwalimu," alisema. "Nimejisimamia katikati ya njia kama ng'ombe. Sikukusikia kabisa."

Nami nikamjibu: "Si neno, bibi."

Si neno!

Nikamwachia abebe kosa langu, nikaokota baiskeli nikaenda kufundisha hesabu.

Mume wangu Kastori anafanya kazi machimboni Ngaka, hurudi Jumamosi. Kwenye simu nilimwambia niliteleza kwenye tope. Siku nyingi anataka nipande bodaboda kama watu wengine, na niliogopa kumpa sababu. Jumatano Mzee Shabani aliutazama mnyororo, akanitazama. Aliukaza, akabadilisha na raba za mbele bila kuombwa. Jana nilizungukia njia ndefu ili nisipite mbele ya nyumba ya bibi. Tuko Kwaresima, nikawaza niende nikaungame kwa padri, yaishe. Lakini aliyeumia mkono si padri.

Leo baada ya masomo nilikwenda, nikiikokota baiskeli. Bibi Osmunda alikuwa mlangoni pa jiko, anachambua maharage kwa mkono mmoja. Mwingine umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mikono yako imepona?"

Swali hilo lilinimaliza. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mnyororo, onyo la fundi, kishindo cha Jumapili nilichokisikia nikakipuuza. Nilimwambia kosa halikuwa lake hata kidogo.

Aliacha kuchambua. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hukuniita?"

"Sauti haikutoka, bibi."

"Na hiyo baiskeli haina mlio."

"Haina. Na kengele sikuwahi kufunga."

Aliuweka ungo chini.

"Unajua nimemwambia nini mke wa mwanangu? Nimemwambia masikio yangu yamekufa. Nimemwambia asinipe tena mtoto, nitakuja kumwua njiani. Siku tatu hizi mtoto anakwenda naye shambani kwenye mvua, na mimi nimekaa hapa nangojea kufa."

"Nisamehe, bibi."

"Umenibebesha uzee usio wangu, mwalimu."

Hakupaza sauti. Nilitamani apaze.

Nilikuwa ningali nimesimama pale mkwewe alipoingia uani, jembe begani, mtoto mgongoni, wote wawili wamelowa. Bibi aliinuka.

"Mlete."

Yule mama aliutazama mkono uliofungwa, akanitazama mimi, akasita.

"Mlete, nimesema. Masikio yangu ni mazima, muulize mwalimu."

Nikaitikia kwa kichwa. Macho sikuweza kuyainua.

Bibi aliinama, mtoto akapanda kama aliyekuwa akingojea siku zote hizo, shavu likalala moja kwa moja kwenye bega. Lakini kanga haikufungika. Mkono mmoja ulikataa kushika. Alihangaika nayo mara mbili, kisha akageuka, akanisogezea pindo zote mbili bila kunitazama.

Nilifunga fundo.

"Kaza," akasema. "Kaza zaidi."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Jumatatu nitaufikia tena mteremko ule. Mnyororo umekazwa, raba ni mpya, na bado najua nitashuka kwa miguu, baiskeli mkononi.

Mpaka lini, sijui.