Gari Waliloniambia Limekufa Limetufikisha Houston

Jumapili, saa tisa alasiri. Houston kuna joto la kunata, lile la kufanya blauzi ishike mgongo kabla hujafika mlangoni. Nimekaa kwenye ngazi za nje, mbele ya nyumba ya mdogo wangu.

Nyumba ya mdogo wangu. Nimeandika maneno hayo na nimeyasoma tena mara tatu.

Tangu jana moyo wangu haujakaa mahali pake. Nikijaribu kuandika kwa utaratibu, furaha inanipiga kikumbo, nasahau nilikuwa wapi. Basi nianze na gari, maana bila gari nisingekuwa hapa.

Ni sedani ya rangi ya fedha, kuukuu kuliko ndoa yangu. Kila siku ya kazi naliondoa mtaani kwetu Vickery Meadow alfajiri, nikiwa na wanawake watatu, tunakwenda kwenye ghala huko Mesquite tunakopanga maboksi. Sote ni Wakongo, sote tumepita kambi za wakimbizi, na kati yetu wanne mimi peke yangu nina leseni. Gari likilala, tumelala wanne.

Wiki mbili zilizopita mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Aliyeuona kwanza ni Mama Clodine, ambaye hukaa mbele kwa sababu ya mgongo wake. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu.

"Dada Espe, kile kijiti kinaenda kwa nyekundu."

Taa ikawaka kijani, tukaingia barabara kuu, na mshale ukashuka wenyewe. Nikamwambia ni joto la Texas tu. Kesho yake ukapanda tena kwenye taa zilezile, ukashuka tena tulipokimbia.

Hapa nina la kukiri. Nilichukua kikaratasi cha kunata, nikakibandika juu ya ule mshale ili wenzangu wasiuone.

Siyo kwamba nilikuwa sijui. Nilikuwa naogopa kujua.

Jumatatu iliyopita gari lilinivua nguo mbele za watu. Kwenye foleni ya kutoka Mesquite, mvuke ukaanza kupanda kutoka chini ya boneti kama sufuria ya maharagwe. Nikaegesha pembeni, tukashuka wanne, tukasimama juani na mifuko yetu ya chakula. Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne mimi na mume wangu Jonasi tulilipeleka kwa fundi mmoja wa karibu na kwetu. Alifungua boneti, akachungulia, hata injini hakuiwasha. Akasema gasketi ya silinda imeungua, injini imekwisha, tuliuze kama chuma chakavu. Yote hayo alimwambia Jonasi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, ufunguo mkononi, mimi ninayeliendesha kila siku, na yule bwana hakuniuliza hata swali moja.

Tukiwa njiani kurudi, polepole, tukisimama kila dakika chache lipoe, Jonasi aliongea kwa upole. "Esperance, moteri imekufa. Tuliache."

Nikaendelea kuendesha.

Halafu ikaja Jumatano, siku ambayo sitaisahau. Simu ililia nikiwa nakunja nguo. Ni kutoka kwa watu wanaopokea wakimbizi Houston. Mdogo wangu Amani, ambaye faili lake lilitenganishwa na letu kule kambini Nyarugusu miaka tisa iliyopita, amepata ndege. Anatua Jumamosi, saa nane mchana.

Miaka tisa! Tulipoondoka kambini alikuwa na miaka kumi na saba. Alisindikiza basi letu kwa mbio mpaka vumbi likamla. Tangu hapo amekuwa sauti ya simu inayokatika.

Mama yangu, tunayeishi naye, alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kisha akakaa kitini, akaanza kusugua magoti yake yanayomsumbua, akauliza swali moja tu.

"Tutaenda na gari?"

"Ndiyo, Mama."

Nilimdanganya mama yangu bila kupepesa macho. Nilijua hawezi kukunja magoti yale kwenye kiti cha basi mpaka Houston. Kwa gari letu tungesimama kila anapotaka kunyoosha miguu. Lakini gari gani? Lile lililokuwa chini ya dirisha, limekufa?

Alhamisi nilikwenda kazini kwa lifti ya watu wengine. Wakati wa chakula nilikaa pembeni na simu, nikatazama video za mafundi mpaka wali ukapoa. Sikutafuta namna ya kutengeneza. Nilitafuta kitu kimoja: gasketi ikiungua, gari linaonyesha dalili gani? Wote walisema yaleyale. Moshi mweupe unatoka nyuma. Maji ya rejeta yanapungua kila siku. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Niliporudi nyumbani, injini ikiwa baridi, nilichomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi, oili ya kawaida ya gari lililochoka. Nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji niliyoongeza Jumatatu yalikuwa palepale. Nikamwomba Jonasi awashe, nikaenda kusimama nyuma. Hakuna moshi mweupe.

Kama siyo gasketi, ni nini?

Usiku ule sikuhesabu kondoo, nilihesabu taa nyekundu. Kila mara mshale ulipopanda, tulikuwa tumesimama. Kila mara uliposhuka, tulikuwa mbioni. Tena nikakumbuka kiyoyozi: kwenye taa kilikuwa kinatupulizia hewa ya moto, na barabara kuu kinarudisha ubaridi. Gari likikimbia, upepo wa njiani unapoza rejeta. Likisimama, nani anaipoza?

Feni ya rejeta!

Ijumaa saa za kazi zilikwenda kwa kutambaa. Nilipofika nyumbani sikubadili hata viatu. Nikawasha gari, nikawasha kiyoyozi mpaka mwisho, nikafungua boneti, nikainama kutazama nyuma ya rejeta. Kiyoyozi kikiwaka, feni lazima izunguke.

Haikuzunguka. Ilikaa kimya kama mtu aliyenuna.

Sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kibovu. Nilicheka peke yangu pale maegeshoni. Jonasi akatoka, mikono kifuani, akanitazama kama ninavyotazama watoto wakichezea maji.

"Umeona nini?"

"Nimeona kisichozunguka."

Nikazima injini, nikafungua kisanduku cheusi chenye fyuzi. Fyuzi ya feni ilikuwa nzima. Hapo furaha ikapungua kidogo, maana kama feni yenyewe imeungua, duka gani litatupatia nyingine kabla ya asubuhi? Lakini mafundi wa kwenye video walitaja kitu kingine, relei, kile kidude cheusi kidogo kama kipande cha sabuni, kinachopeleka umeme kwenye feni. Na walisema mara nyingi ndani ya kisanduku hichohicho kuna relei nyingine ya aina moja. Nikasoma namba kwenye relei ya feni. Nikasoma ya honi. Zilifanana.

Nikazichomoa zote mbili. Ya honi nikaiweka mahali pa feni.

"Washa!"

Jonasi akawasha. Sekunde moja. Mbili.

Vuuuuuu!

Upepo ulinipiga usoni na kunipeperushia kitambaa cha kichwa. Nilipiga kelele ambayo sijaipiga tangu nilipojifungua. Jirani wa juu, yuleyule, akafungua dirisha. Nikampungia bisibisi niliyofungulia kisanduku.

Jonasi akashuka, akaja, akaweka kiganja chake mbele ya ule upepo. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Esperance, wewe ni nani?"

Nilikuwa nalia.

Tuliliacha limewashwa dakika arobaini juani. Niliingia ndani, nikabandua kile kikaratasi, nikautazama mshale ana kwa ana. Ulipanda mpaka katikati, ukakaa. Haukusogea hata unywele. Nikaenda duka la vipuri kutafuta relei mpya, nikaambiwa itafika Jumatatu. Basi tukaamua: feni ni muhimu kuliko honi. Tutaendesha kwa adabu.

Jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliondoka. Watoto tuliwaacha kwa Mama Clodine. Mama alikaa mbele, kitenge kipya, na kwenye mapaja bakuli la pondu, kisamvu cha kwetu, alilolifunga kwa mifuko mitatu. Jonasi nyuma. Njia nzima Mama aliimba nyimbo za kanisani, na mimi jicho moja lilikuwa barabarani, jingine kwenye mshale.

Karibu na mji wa Conroe, kabla hatujafika Houston, magari yote yalisimama. Ajali mbele. Saa tano na nusu asubuhi, lami inameremeta, hakuna anayesogea. Hiki ndicho kitu nilichokiogopa. Dakika kumi. Ishirini. Mama akaacha kuimba kwa sababu aliona mimi nimeacha kupumua.

Ndipo nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, fundi, injini, uongo wangu wa Jumatano.

Aliangalia mbele tu. "Nilijua. Ile Jumanne ulirudi na uso wa mutu aliyefiwa. Nilingojea uniambie."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza, ungelia. Ukilia, nani angetengeneza gari?"

Jonasi alicheka kule nyuma mpaka akakohoa. Wakati huohuo foleni ikaanza kusogea, na lori dogo la kando yetu likaanza kuingia kwenye njia yetu bila kututazama. Mama akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Piga honi!"

"Mama, honi iko kwenye feni!"

Akashusha kioo, akatoa nusu ya mwili nje, akapiga vigelegele. Dereva wa lori akashtuka, akarudi kwenye njia yake. Tena akatuomba radhi kwa mkono. Nami nikatazama chini: mshale uko katikati. Dakika thelathini na tano za kusimama kwenye jua la mwezi wa nane, na mshale uko katikati!

Tulifika uwanja wa ndege saa saba na nusu.

Nilidhani Mama atamwona kwanza. Kumbe ni mimi niliyemwona, na sikumjua. Mwanamume mrefu, mwenye ndevu, amekumbatia ule mfuko mweupe wenye karatasi za ukimbizi ambao sisi sote tuliubeba siku ya kufika. Alitupita. Alikuwa anatafuta mama mnene, kwa sababu mama aliyemwacha alikuwa mnene. Mama yetu siku hizi ni mdogo, ananifika begani.

"Amani," Mama akaita. Hakupaza sauti.

Yule mwanamume akasimama. Hakugeuka mara moja. Nafikiri aliogopa kugeuka na kukuta siyo yeye. Alipogeuka, mfuko ukaanguka, karatasi zikatawanyika, na mfanyakazi mmoja wa uwanja, mama wa makamo, akapiga magoti kumwokotea huku yeye mwenyewe anafuta machozi. Magoti ya Mama yaliyokataa basi yalitembea zile hatua kama ya msichana.

Sitaandika zaidi kuhusu hapo. Sina maneno, na nikiyapata sitaki kuyatumia yote leo.

Asubuhi hii baada ya ibada Amani alinyoosha mkono. "Dada, nipe ufunguo nione." Nyuma ya majengo haya, ambako wanaopokea wakimbizi wamempangia nyumba, kuna maegesho makubwa, leo hayana gari hata moja. Nikamkalisha kwenye usukani, nikamwonyesha breki, nikamwambia aguse mafuta kidogo tu. Nilimwomba Mama ashuke akae kivulini. Akafunga mkanda wa kiti cha nyuma.

"Nimemungoja miaka tisa. Kama ni kugonga ukuta, tutagonga wote."

Amani akagusa mafuta. Siyo kidogo. Tuliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, nikapiga kelele "breki!", akaikanyaga kwa miguu yote miwili, pua zetu zikakaribia kioo. Kisha tukasikia Mama nyuma anacheka, kicheko cha tumboni, kile nilichodhani alikiacha kambini.

Alizunguka uwanja ule mara sita. Mara ya sita alipinda kona bila kupanda ukingo.

Sasa Jonasi anaita, tufunge safari, maana kesho alfajiri wanawake watatu watanisubiri. Nina furaha kiasi kwamba miguu haitaki kunyanyuka kwenye ngazi hizi. Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza mdogo wangu atafika lini. Leo swali langu limekuwa dogo, zuri, la mtu wa kawaida kabisa: nani atamfundisha kuegesha kinyumenyume?