Maji ya Chumvi Mlangoni

Downsview, Toronto
Agosti 19

Kwa dada yangu mpendwa Kemunto,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kulalamika. Sisi hatujambo. Wifi yako Winfred angali muuguzi, binti yetu Valerie angali ananijibu kwa Kiingereza nikimsemesha Kiswahili, na mimi tumbo langu linaendelea vizuri kuliko kazi yangu.

Uliniuliza habari za likizo. Tulikwenda Torrevento, mji mkongwe wa pwani huko kusini mwa Italia. Ni pazuri, dada. Walipita Wagiriki, Warumi, Waarabu, na kila aliyepita aliacha ukuta, hata hukosi historia ya kuegemea ukichoka. Maji yake unaona hadi vidole vya miguu. Nilipovaa kaptula, Winfred alisema mji uliostahimili maharamia utastahimili na miguu yangu.

Siku ya nne niliwaacha ufukweni, nikapanda kutazama makaburi ya kale. Nikapotea, nikatokea upande mpya, penye misalaba isiyo na majina, nambari tu. Mzee anayepatunza alinieleza kwamba hao ni vijana wa Afrika, bahari iliwatupa ufuoni pale pale tulipotandika taulo. Akanitazama usoni, akaniuliza kama nimemfuata ndugu yangu.

Nilitaka kusema hapana. Lakini alikuwa ameshavua kofia. Nikaitikia kwa kichwa, nikaonyesha kaburi lililokuwa karibu, nambari kumi na saba.

Tangu turudi, kila asubuhi tunakuta maji sakafuni, ndani ya mlango. Tulimwita Wayne, fundi wa mabomba. Akasema hakuna kinachovuja. Akachovya kidole, akaonja, akasema ni ya chumvi, na chai akaikataa. Winfred akadai ni chumvi ya barabarani, nimeileta na viatu vyangu. Nikamkumbusha hiyo humwagwa kuyeyusha theluji wakati wa baridi, nasi tuko Agosti. Tangu siku hiyo hanitanii tena.

Sasa nikuungamie jambo ambalo hata Winfred hajui. Yule mzee alileta daftari, akauliza jina la marehemu. Mkono wangu ukaandika la Baba: Onchari. Palipoulizwa kwao, nikaandika kwetu. Wewe unajua, mtu akishapewa jina la wazee wetu ni wetu. Nilimpa jina, nikampa na boma, kisha nikapanda ndege nikamwacha. Amenifuata kwa sababu njia ya nyumbani haijui. Anayoijua ni yangu tu.

Nakuomba uwaite wazee, msimame kando ya kaburi la Baba, mmtaje kijana huyo kwa jina hilo, mseme amefika. Ukikataa sitakulaumu, boma uliachiwa wewe, na jina nililogawa halikuwa langu peke yangu. Ila leo asubuhi mlango ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa kando ya kitanda cha Valerie.

Nisalimie majirani, na goti.

Sisi sote wanne tunakusalimu.

Mdogo wako,
Mogaka