Midomo ya Kupigia Mluzi

Baba Neema wangu,

Kiangazi kimerudi Nakivale. Vumbi linatembea barabarani kama mtu aliyeitwa mahali, ziwa limejivuta nyuma, na midomo ya kila mtu imepasuka, hata ya mchungaji wa kanisa letu, ambaye sasa anahubiri kwa ufupi. Nikikuota, unakuja na midomo yako ya kiangazi, myekundu pembeni, umesimama kwenye moshi wa zizi, ule wa kufukuza nzi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuuguza? Jioni nalowesha kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nakuwekea mpaka magamba yalainike, yatoke yenyewe bila kubanduliwa. Halafu napaka siagi ya kibuyu kwa kidole. Kazi kubwa ilikuwa kuilinda siagi isiliwe.

"Baba Neema, acha kuramba!"

"Siyo mimi, ni ulimi."

"Ulimi wa nani? Mate yakikauka, mudomo unapasuka zaidi."

"Sasa unanipakaa chakula, halafu unasema nisikule?"

Mara moja ulirudi kutoka Mbarara na kikopo cha mafuta ya midomo yenye harufu ya ndimu, dawa ya watu wa mjini. Ulipofika nyumbani kikopo kilikuwa kitupu na midomo inatoka damu. Uliyala yote njiani. Tukarudi kwenye siagi, isiyonukia kitu.

Wewe ulidhani ni huruma tu. Huruma ilikuwepo, lakini pia nilitaka maziwa. Tangu ndama wake afe, ng'ombe wetu Gaju hakukubali kukamuliwa bila mluzi wako, ule mrefu wa chini, na midomo iliyopasuka haipigi mluzi. Inapuliza hewa tu, kama mtu anayepoza uji.

Tulipokuzika, Gaju akaanza kutoa matone tu. Neema alikuwa mdogo, anasimama mlangoni na kikombe chake. Ndugu yako alikuja mara ya kwanza na pole, mara ya pili na kamba.

"Shemeki, hii ngombe imekauka. Naipeleka Mbarara, kwa wachinjaji."

"Haijakauka. Inangoja mluzi."

Akajaribu yeye. Gaju akampiga teke la paja.

"Basi nani atapiga?" akauliza, anajisugua. "Wewe? Kwetu mwanamuke hapigake mluzi."

"Nipe mpaka Jumapili."

Midomo yangu mwenyewe ilikuwa na nyufa, kwa vumbi na kwa kilio. Nikaomba siagi kwa jirani, nikajiuguza kama nilivyokuuguza wewe: kitambaa, siagi, na kujizuia kuramba. Ndipo nikakuelewa, mume wangu. Siagi ni tamu sana.

Jumapili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda ibada, niliingia zizini. Ndugu yako alikuwa nje, kamba mkononi. Mluzi wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Wa pili ukatoka mrefu, wa chini. Jirani akaacha kufagia.

"Yesu! Ni Mama Neema anapiga mluzi?"

Mdomo wangu ulikuwa na kazi.

Gaju alisimamisha masikio. Akageuza kichwa, macho yakanipita, akatazama nyuma yangu, kule ulikokuwa ukitokea. Maziwa yakaanza kushuka, "mingi", kama ndugu yako alivyokuja kusema baadaye kwa watu, na yeye Gaju bado anatazama kule. Nami, mkono kwenye kiwele, nikajikuta nimegeuka pia.

Kamba ilirudi kwao. Wanawake walinisema msimu mzima, kisha wakapata mwingine wa kumsema. Neema amekua, amekunywa yale maziwa, na anacheka midomo yake ikiwa laini.

Gaju ni mzee siku hizi, hakamuliwi tena. Lakini jua likishuka nampigia tu, bila sababu. Anatazama kule, natazama kule, vumbi linakuwa la dhahabu. Hakuna anayekuja, Baba Neema, na wala hatuchoki.

Naishia hapa, moshi wa zizi unaniita.

Mkeo,
Mama Neema